Kigelegele cha Elfu Tano

Umeme ulipokatika, mashine ya Coleta ilikohoa, ikapunguza mngurumo, ikanyamaza, na wanawake waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi wakaguna kwa pamoja. Coleta hakuguna. Alijifuta unga usoni kwa ncha ya kitenge, akakaa juu ya kiroba cha pumba, akatoa simu mfukoni mwa sweta na kuandika kwa kidole kimoja: "ALILILILILIIII! HONGERA SANA BABA, UMETUHESHIMISHA!" Kisha akairudisha simu mfukoni. Uso wake wakati wote huo ulikuwa wa mtu anayesubiri kupimwa presha.

Baba aliyepongezwa alikuwa fundi baiskeli wa Tabora ambaye Coleta hajawahi kumtia machoni. Kosa lake, au niseme sifa yake, ni kufikisha ujumbe wa mia tano katika Kijiwe cha Kete. Ndiyo, ujumbe. Hakujenga nyumba, hakupata mtoto. Aliandika tu, akaandika, mpaka namba iliyo chini ya jina lake ikafika mia tano, na kwa watu wa Kijiwe cha Kete hilo ni jambo la sherehe.

Kijiwe cha Kete ni drafti ya kwenye simu. Unacheza na mtu aliyeko Singida au Newala bila kunusa jasho lake, na pembeni ya mchezo kuna baraza la kuzungumza. Kila unachoandika barazani kinahesabiwa. Ukifika mia unapongezwa, mia tano unapongezwa zaidi, na ukifika elfu moja unaitwa Kingi, kama kete iliyovuka ubao mzima. Wapo watu wazima, wenye wake na madeni, wanaoamka asubuhi na kutazama namba zao kabla ya kunawa uso. Unaweza kuwacheka. Mimi niliwacheka mpaka nilipomjua Coleta.

Aliyemwingiza humo ni mwanawe Vitus, fundi umeme wa Tunduma. Alikuja Sumbawanga kwa misa ya arobaini ya baba yake, akamkuta mama anakaa mbele ya mashine iliyozimwa akitazama mkanda wake. "Mama, ukikaa hivyo utaisha," alisema, akamwekea drafti kwenye simu, akamfundisha kusogeza kete, akapanda basi. Kucheza, Coleta hakujua na hajui hadi leo, tuseme ukweli. Analiwa kete tatu kwa mpigo kisha anamwambia mpinzani wake ahsante. Lakini barazani alijiona yuko nyumbani, maana kule hakuna aliyemtazama usoni kuona kama amelia.

Hakuwa amelia. Wilibrodi, mumewe, aliamka akisema kichwa kinamuuma, akafungua mashine, akafunga mkanda, na mchana hakuwepo tena duniani. Ndugu walikuja kutoka Chala na Kirando, wakalia hadi sauti zikakauka. Coleta alikuwa akizunguka akiuliza kama maji ya kunawa yapo. Watu wakasema amejikaza. Hakujikaza. Ndani hakukuwa na kitu cha kukaza.

Na hapa inabidi ujue jambo moja. Coleta alikuwa na sauti. Parokiani kwao hakuna harusi iliyohesabika imefungwa wala mtoto aliyehesabika amepokea komunyo ya kwanza mpaka Coleta apige kigelegele. Alikuwa akiinamisha kichwa kidogo, anaweka kiganja juu ya mdomo, na kitu kinachotoka kilikuwa kinapanda juu ya kwaya, juu ya ngoma, kinaning'inia pale darini mwa kanisa, na wanawake wote wanakidaka na kukijibu. Wilibrodi alizoea kutania kwamba hakumwoa mke, alioa kengele. Siku alipozikwa, sauti hiyo iliondoka, na haikuaga.

Aligundua imeondoka kwenye misa ya shukrani ya Silvana. Silvana ni binti wa Marsiana, mwenye genge la mboga ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na mashine. Marsiana na Coleta walikuwa marafiki tangu wote wawili walipokuwa na mimba za kwanza, wanapigiana kelele kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine kutwa nzima bila hata wateja kusikia bei. Silvana alipoweka nadhiri akawa sista, parokia nzima ilisimama. Alipoingia na mshumaa wake, watu hawakumtazama yeye. Waligeuka kumtazama Coleta. Coleta akainamisha kichwa, akaweka kiganja, akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Alijaribu tena, pumzi. Kanisa likangoja, Silvana akapita, na mama mmoja wa nyuma akapiga kigelegele cha kuokoa jahazi, chembamba, kisicho na mwenyewe.

Marsiana akaanza kusaga mahindi yake kwingine. Kila wiki anabeba ndoo kichwani, anavuka barabara, anapita mbele ya mlango wa Coleta bila kugeuza shingo, anapanda hadi mashine ya juu kule, mbali, kwenye kilima. Mtaani walisema Coleta ameona wivu. Mtoto wake ni fundi umeme, wa mwenzake ni bibi arusi wa Kristo. Coleta aliyasikia. Yalimpita kama yanavyopita matangazo ya gari la mkutano.

Basi kile kilichoshindikana kanisani kikawa kinatoka kwenye kidole. Mara ya kwanza ilikuwa bahati tu. Mtu mmoja barazani alifikisha mia, wengine wakaandika "hongera mshikaji", naye Coleta kwa mazoea ya maisha yake yote akaandika kigelegele, herufi baada ya herufi. Watu wakafurahi mno. Kesho yake mwingine akafika mia akadai cha kwake. Haikuchukua muda ikawa desturi: namba haijakaa mpaka Mama Vitus apige. Ukifika elfu moja Jumatatu naye akapiga Jumatano, wewe ni Kingi tangu Jumatano. Akawa anapitia majina, anatazama nani yuko karibu na nini, na hakumsahau mtu. Walimpenda kwa hilo. Walimwandikia kwamba furaha yake inawapa nguvu, naye alisoma neno furaha mara mbili kisha akaenda kupima mahindi ya mteja.

Hakuna aliyefikiria kwamba kila kigelegele kilikuwa kinasogeza namba yake mwenyewe. Aliyeliona hilo ni Obed, mwalimu wa shule moja ya Chala na msimamizi wa baraza, mtu anayeandika hata salamu kwa aya.

"Wanakijiwe," aliandika, "Mama Vitus yuko mlangoni mwa elfu tano. Hakuna aliyewahi kufika huko. Swali: mpigaji atapigiwa na nani? Nimetafakari. Napendekeza siku hiyo ajipigie mwenyewe, kwa sauti, arekodi, nasi kwa mara ya kwanza tuisikie."

Baraza likalipuka. Fundi wa Tabora akasema atainunulia simu yake spika. Mwanajeshi mstaafu wa Newala akasema atawaita wajukuu. Coleta akaandika, "Mungu akipenda," akatazama namba chini ya jina lake. Ilikuwa elfu nne mia tisa tisini na tisa.

Akaacha kuandika.

Alifikiri watu watasahau. Hakujua alichokifanya. Kwa kuwa namba haikai mpaka apige, baraza zima lilikwama. Binti wa Singida aliyefika mia akabaki mgeni. Wengine waliokaribia wakaacha kuandika wasije wakafika na kukaa mlangoni kama wageni waliokuta nyumba imefungwa. Obed akaweka tangazo la kuomba subira. Na hakuna aliyethubutu kupiga kwa niaba yake, kwa sababu desturi ni desturi, hata ikiwa haijafikisha mwaka.

Mchana mmoja wa upepo, umeme ulipokatika tena, alikuta ujumbe wa faragha, ule ambao hauhesabiwi.

"Mama shikamoo. Ni mimi Mayunga, wa Kaoze, mfuga ng'ombe. Nimefika elfu moja tangu Jumapili. Mke wangu Jenifer amechinja jogoo. Ila naambiwa bado sijawa Kingi."

"Marahaba baba. Hongera sana."

"Hongera ya huku faragha haina kazi mama. Ya barazani. Jogoo ameshaliwa."

Coleta alikaa na simu mkononi. Kumpigia Mayunga barazani ndiyo elfu tano yenyewe. Akimpa yeye chake, watu watadai cha kwao cha sauti saa hiyohiyo. Angeweza kudanganya kwamba simu imeharibika, lakini hata uongo unahitaji moyo unaopiga kidogo, naye hakuwa nao. Akaandika ukweli kwa sababu ulikuwa mfupi.

"Sauti sina baba."

"Mafua? Huku dawa yake tunayo."

"Siyo mafua. Tangu mzee afariki haitoki. Ninachoandika huko ni herufi tu."

Hakikuja kitu kwa muda mrefu. Mayunga hupata mtandao akiwa juu ya kichuguu kimoja tu, na ng'ombe hawakai mahali pamoja kwa ajili ya maongezi ya watu. Halafu ikaingia: "Pole sana mama. Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Mlikuwa mnafurahi."

"Sawa mama. Siri yako iko kwangu. Acha nione la kufanya."

Coleta hakuamini kwamba lipo la kufanya. Umeme ukarudi, akasimama, akamimina ndoo ya ulezi ya mteja wa kwanza, na mngurumo ukamfunika kama kawaida. Aliupenda mngurumo ule. Ndani yake huhitaji kuwa na neno.

Siku iliyofuata foleni ilikuwa ndefu hadi barabarani, na umeme, kama ilivyo tabia yake, ukachagua saa hiyo kwenda. Wanawake wakakaa juu ya ndoo zao, wakajikunyata ndani ya vitenge na masweta kwa baridi ya Julai. Ng'ambo Marsiana alikuwa akikata kabichi juu ya ubao, mgongo nusu umegeuka. Coleta akatoa simu. Baraza lilikuwa linawaka.

Mayunga alikuwa ameandika: "Mimi nasema hivi. Hata harusini, bibi harusi hajipigii vigelegele. Mama Vitus katupigia sisi wote, halafu siku yake tunamwambia ajipigie? Haya ni makosa. Nampigia mimi." Chini yake alikuwa ameweka sauti.

Coleta akabonyeza. Simu yake, kwa sababu ya kelele za mashine, huwa imefunguliwa sauti hadi mwisho. Mbele ya foleni yote ikatoka sauti ya mwanamume mzima akiwa juu ya kichuguu: "Huuuui! Huuuui! Rrrrrr-hui!" Na kwa mbali, bila shaka yoyote, ng'ombe mmoja akamwitikia.

Foleni ikaangua kicheko. Mama mmoja akadondosha kifuniko cha ndoo. Coleta hakucheka, akabonyeza inayofuata, maana wenzake walikuwa wamemfuata Mayunga. Fundi wa Tabora alipiga kama pampu ya baiskeli inayovuja. Mwanajeshi wa Newala alipiga mara moja, kwa amri, akanyamaza. Mwalimu Obed alianza kwa kujitambulisha, akasafisha koo, kisha akatoa kitu ambacho sitakieleza kwa heshima ya walimu. Sauti baada ya sauti, wanaume karibu wote, hakuna hata mmoja aliyejua anachofanya, na wote wakimfanyia yeye.

Kilichomjia Coleta kifuani hakikuwa furaha, wala hakikuwa machozi. Alikuwa amesahau hata jinsi kitu chochote kinavyokuja, kwa hiyo kilimshtua. Ilikuwa hasira ndogo, kavu, ya mpishi anayeona mtu anasonga ugali na maji hayajachemka.

"Siyo hivyo jamani!" alisema, akiigombeza simu.

"Kumbe inakuwaje, mama?" aliuliza yule wa kifuniko, bado anajifuta macho.

"Huyu anaita mifugo. Ulimi hausukumi mbele, ulimi unacheza upande kwa upande. Mdomo wazi, hivi. Pumzi itoke huku tumboni, siyo kooni. Mtu mzima anapiga kelele za kooni! Tazama." Akainamisha kichwa kidogo, akaweka kiganja juu ya mdomo, kama fundi anayemwonyesha mtu jinsi ya kushika nyundo, akapiga.

Kilitoka. Kilikuwa na kutu, kikakatika katikati. Coleta akakunja uso kwa aibu ya kazi mbaya, akavuta pumzi, akarudia ili kukirekebisha, na cha pili kikatoka kizima. Mashine ilikuwa kimya, na kikapanda juu ya mabati, kikavuka barabara, kikaenda zake mtaa wote wa Kizwite. Muuza mahindi ya kuchoma akasimama. Coleta alikuwa bado ameweka kiganja mdomoni, haelewi nani amefanya vile.

Alikaa juu ya kiroba cha pumba. Kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono, akaandika: "Mayunga baba yangu, hapo umeita ng'ombe na amekuja. Ulimi upande kwa upande. ALILILILILIIII KWA KINGI MAYUNGA WA KAOZE!" Namba chini ya jina lake ikageuka elfu tano, na barazani ikaanza sherehe ambayo ilikwenda hadi Jumapili. Yeye hakuitazama. Sauti ile haikurekodiwa, na Kijiwe hadi leo hawajaisikia.

Alikuwa anatazama ng'ambo. Kigelegele kikipigwa hujibiwa. Hivyo ndivyo wanawake wa pale walivyo, hata mtu akiwa na sufuria jikoni atatoa kichwa dirishani ajibu. Marsiana hakuwa amejibu. Alikuwa ameacha kukata. Akafuta kisu kwenye aproni, akakilaza juu ya kabichi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka barabara.

Foleni ikampisha. Alisimama mbele ya Coleta, na harufu ya kabichi mikononi.

"Kumbe unayo," alisema.

"Sikuwa nayo, Marsiana."

"Umepiga sasa hivi. Nimesikia. Mji mzima umesikia."

"Siku ile ya Silvana sikuwa nayo. Nilifungua mdomo."

"Niliuona mdomo. Nikasema huyu ananinyima. Mtoto wangu mmoja tu, na huyu ananinyima."

"Hapakuwa na kitu ndani, dada. Tangu Wilibrodi. Nilipekua, hapakuwa na kitu." Coleta alisema hivyo kwa sauti ileile ya kutaja bei ya kukoboa debe. Lakini uso, ule uso wa presha, ulikuwa unamwagika maji, yanachora mifereji kwenye unga, naye hakuwa na habari nayo.

Marsiana aliyatazama maji yale. Alikuwa amepanda kile kilima na ndoo kichwani mwaka mzima, na shingo ilikuwa imemuuma mwaka mzima, na hakuna aliyemwambia. Akamfuta Coleta shavu moja kwa kiganja chenye kabichi, bila upole wowote.

"Haya," alisema. "Mpigie sasa."

"Nani?"

"Silvana. Mpigie mwanangu. Nilimzaa, nikamtoa kwa Mungu, akapita kanisani kimya kama mwizi. Mpigie."

Coleta akasimama, akashika bega la Marsiana ili asianguke. Akainamisha kichwa. Akaweka kiganja. Safari hii hakuna aliyehitaji kufundishwa, akapiga kirefu, na Marsiana, mdomo ukiwa karibu na sikio lake, akamjibu.

Umeme ulirudi katikati ya kile kigelegele. Taa ya mlangoni ikawaka, na kwa muda mrefu hakuna aliyekwenda kuwasha mashine.